Kosa, Mtindo na Mamlaka: Kiingereza Kisicho Sanifu katika Riwaya ya Nigeria, 1952–1985

Utangulizi

Suala la makosa ya lugha katika kazi ya fasihi lina utata ambao sarufi peke yake haiwezi kuutatua. Sentensi iliyovunja kanuni huweza kuwa dalili ya kutojua. Huweza vilevile kuwa njia pekee ya kusema jambo ambalo sentensi iliyonyooka ingelipoteza. Msomaji wa kawaida huzitofautisha hali hizi mbili kwa hisia tu. Mhakiki hana ruhusa hiyo. Anapaswa kueleza ni kwa misingi gani ukiushi mmoja huitwa kosa na mwingine huitwa mtindo na, zaidi ya hayo, ni nani aliyepewa mamlaka ya kuamua.

Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kufuata historia ya riwaya tatu za Nigeria: The Palm-Wine Drinkard ya Amos Tutuola (1952), The Voice ya Gabriel Okara (1964) na Sozaboy ya Ken Saro-Wiwa (1985). Uteuzi huu una sababu mbili. Kwanza, kila moja ya riwaya hizi inakiuka Kiingereza sanifu kwa namna yake: ya kwanza yatokana na elimu haba ya mwandishi, ya pili na nadharia yake ya tafsiri, na ya tatu na masikio yake yaliyosikiliza usemi wa tabaka fulani la jamii. Pili, mjadala kuhusu lugha ya waandishi hawa haukuishia Lagos na London. Ulipitia Makerere, ukapitia kurasa za jarida la Transition lililokuwa likichapishwa Kampala, na ukafika Chuo Kikuu cha Nairobi wakati ambapo mustakabali wa ufundishaji wa fasihi katika eneo hili ulikuwa ukiamuliwa.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba lugha isiyo sanifu ina usahihi wake. Usahihi huo haupimwi kwa umbali wake kutoka kwa Kiingereza cha vitabu vya sarufi, wala kwa nia ya mwandishi pekee. Hupimwa kwa kanuni ambazo matini yenyewe imeziweka na kuzitii, na kwa mzigo wa maana ambao kanuni hizo zimeubeba.

Tarishi wa Lagos na Wachapishaji wa London

Amos Tutuola alizaliwa Abeokuta mwaka 1920 katika familia ya wakulima wa kakao. Elimu yake ya shule ilidumu takriban miaka sita tu. Alijifunza uhunzi, akafanya kazi ya ufuaji shaba katika Jeshi la Anga la Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na baada ya vita akaajiriwa kuwa tarishi katika Idara ya Kazi mjini Lagos. Akiwa katika kazi hiyo ndipo alipoandika hadithi ya mnywaji wa tembo anayesafiri hadi mji wa wafu kumtafuta mgema wake aliyeanguka kutoka juu ya mnazi wa mvinyo na kufa. Mswada wake ulifika kwanza katika shirika la uchapishaji la Kikristo, nalo likaupeleka kwa Faber and Faber, kampuni ambayo mshairi T. S. Eliot alikuwa mmoja wa wakurugenzi wake. Kitabu kilitoka Mei 1952, na mwaka uliofuata kikatolewa Marekani na Grove Press.

Wachapishaji walikabiliwa na uamuzi mgumu. Mswada ulijaa viushi vya kila aina: nyakati za vitenzi zilizochanganyika, viunganishi vilivyolundikana, maelezo yaliyorudiwa ndani ya mabano, na vichwa vidogo vilivyoandikwa kwa herufi kubwa mfano wa magazeti. Kuusahihisha wote kungekuwa ni kuandika kitabu kingine. Kuuacha wote kungewaweka katika hatari ya kushutumiwa kwamba wanamfanyia mwandishi mzaha. Njia waliyoichagua ilikuwa ya kati: walisahihisha yale waliyoyaona kuwa ni makosa ya kuteleza kwa kalamu, wakayaacha yale waliyoyaona kuwa ni sauti ya mwandishi. Aidha, walitia ndani ya kitabu picha ya ukurasa mmoja wa mswada ukiwa na masahihisho ya mhariri, kana kwamba wanamwita msomaji awe shahidi.

Picha hiyo ni hati muhimu katika historia ya fasihi ya Afrika. Inathibitisha kwamba lugha ambayo wasomaji wa London waliisifu kuwa ya asili, isiyoguswa na mkono wa mtu, ilikuwa imeguswa. Mpaka kati ya kosa na mtindo ulichorwa mezani pa mhariri, na aliyeuchora hakuwa mzawa wa lugha ya Kiyoruba ambayo ilikuwa chimbuko la sehemu kubwa ya viushi hivyo. Hili si shutuma dhidi ya wahariri hao, maana wengine wangaliutupa mswada kapuni. Ni ukumbusho kwamba pale mhakiki anapoutaja mtindo wa Tutuola, anautaja mtindo uliokwisha kuchujwa.

Je, viushi vilivyosalia vina utaratibu wowote? Uchunguzi wa jina la kitabu peke yake unatosha kutoa mwanga. Kiingereza kina neno la mlevi na kina neno la mnywaji. La kwanza ni lawama, la pili ni maelezo tu. Tutuola aliunda neno lililo baina ya hayo mawili, drinkard, nalo linamfaa mhusika wake barabara. Mtu huyu hanywi kwa bahati mbaya ya tabia. Kunywa ndiyo kazi yake tangu utotoni, na baba yake alimpa shamba la michikichi 560,000 pamoja na mgema wa kumhudumia. Kumwita mlevi kungekuwa ni kumhukumu kabla hadithi haijaanza. Kumwita mnywaji kungekuwa ni kumpunguza. Yumkini neno hilo lilitokana na tahajia iliyoteleza. Hata hivyo, mahali lilipoangukia hapana neno sanifu ambalo lingeweza kukaa bila ya kuacha pengo.

Mfano wa pili watoka katika jina refu la kitabu hicho, ambamo mji anakokwenda msafiri huitwa Deads' Town. Kiingereza sanifu huwataja wafu kwa jumla, kwa neno lisilokubali alama ya wingi, kana kwamba kifo kimewayeyusha wakawa kitu kimoja. Tutuola alilipa neno hilo alama ya wingi na alama ya umilikaji. Kwa kufanya hivyo aliwarudishia wafu hesabu yao: ni watu mmoja mmoja, wenye mji wao, wenye mwendo wao na desturi zao. Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa. Lugha yake husema mfu na wafu bila ya kusitasita, ikiwaweka waliokufa katika ngeli ileile ya walio hai. Kwake yeye Mji wa Wafu si usemi wa ajabu hata kidogo. Jambo linaloonekana kuwa kosa katika lugha moja ni kanuni katika nyingine, na hadithi ya Tutuola inasimama juu ya kanuni hiyo ya pili, kwa kuwa bila wafu wanaohesabika safari yenyewe haina maana.

Mfano wa tatu unahusu lugha ya ofisi. Tutuola aliishi kati ya mafaili, risiti na saa za kazi, na usemi wa ofisi umepenya hadi katikati ya msitu wa mashetani. Saa hutajwa kwa usahihi, masafa hupimwa kwa maili, mali huhesabiwa kwa paundi, shilingi na peni. Msafiri na mkewe, kabla ya kuingia mahali pa hatari, huuza kifo chao kwa paundi 70, shilingi 18 na peni 6, na huukopesha woga wao kwa riba ya paundi 3 na shilingi 10 kwa mwezi. Tangu hapo hawawezi kufa, ila wanaweza kuogopa, kwa maana woga wao waliupokea tena mwishoni lakini kifo hawakukinunua. Uzuri wa tukio hili umo katika kugongana kwa rejista mbili. Karani wa kikoloni na msimulizi wa jioni wanasema kwa kinywa kimoja, na msomaji anauona ulimwengu ambamo hata kifo kimepata bei. Mhariri ambaye angeinyoosha lugha hiyo angeiondoa hoja hiyo ya kihistoria pamoja na makosa.

Pingamizi la Wasomi

Dylan Thomas, mshairi wa Wales, alikisifu kitabu hicho katika gazeti la The Observer mnamo Julai 1952, na sifa zake zikafuatwa na nyingine nyingi Ulaya na Marekani. Nigeria mambo yalikuwa tofauti. Katika barua zilizochapishwa na jarida la West Africa kati ya 1953 na 1954, baadhi ya wasomi wa Kinigeria walilalamika kwamba sifa hizo zilikuwa ni dharau iliyovishwa nguo ya pongezi. Walisema kwamba Wazungu walikipenda kitabu hicho kwa sababu kilithibitisha picha waliyokuwa nayo tayari kuhusu Mwafrika asiyejua kusema. Mwingine alitoa hoja nzito zaidi: kwamba lugha ya Tutuola haikuwa Kiingereza sanifu wala haikuwa pijini ya Afrika Magharibi, na kwamba hapakuwa na mtu yeyote aliyesema hivyo.

Ni rahisi leo kuwacheka wasomi hao na kuwaita vibaraka wa sarufi ya kikoloni. Haki haikubali hivyo. Chuo Kikuu cha Ibadan kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1948 tu, na uhuru ulikuwa bado unadaiwa kwa hoja zilizoandikwa kwa Kiingereza cha mahakama na bunge. Kwa Mnigeria wa mwaka 1953, kosa la sarufi halikuwa jambo la urembo. Lilikuwa ushahidi ambao mtawala angeweza kuutumia dhidi yake. Aidha, wasomi hao walikuwa wamegundua jambo la kweli: sehemu ya sifa za London ilitolewa kwa mtu aliyedhaniwa kuwa hajui atendalo. Anayesifiwa kwa sababu hajui hawezi kusifiwa kwa ufundi.

Udhaifu wa pingamizi lao ulikuwa kwingine. Waliitafuta lugha ya Tutuola mitaani, na walipoikosa wakahitimisha kwamba ni batili. Lakini riwaya si rekodi ya mazungumzo ya mtaani. Kwamba hapakuwa na mtu aliyesema hivyo kabla ya Tutuola ni hoja inayoweza kutumiwa kumkanusha, na inaweza vilevile kutumiwa kumpongeza.

Wakati uo huo, vijitabu vya soko la Onitsha vilikuwa vikiwachekesha wasomaji kwa kosa la aina nyingine. Katika tamthilia ya Ogali A. Ogali, Veronica My Daughter (1956), mhusika aitwaye Bomber Billy huwaangushia wenzake maneno makubwa ya Kiingereza yasiyoeleweka na mtu. Umma wa wasomaji wa kawaida ulikuwa tayari umeelewa kwamba Kiingereza chaweza kupotoka kwa kuzidi kama kinavyopotoka kwa kupungua. Busara hiyo iliwachukua wahakiki wa vyuo muda mrefu zaidi kuipata.

Okara na Ukiushi wa Kukusudia

Gabriel Okara hakuweza kushukiwa kwamba hajui. Alikuwa mshairi aliyekwisha kuthibitisha umahiri wake katika Kiingereza sanifu. Katika makala aliyoyachapisha Transition mwaka 1963 alieleza kwamba mwandishi anayetaka kuwasilisha fikra za Kiafrika hana budi kuzitafsiri kutoka katika lugha yake karibu neno kwa neno, baada ya kulichunguza kila neno na maana iliyomo. Alitoa mfano wa salamu za kuagana usiku katika Kiijaw, ambazo huwatakia watu uhai wa kuonana kesho, akaonyesha kwamba salamu ya Kiingereza iliyozoeleka haibebi dua hiyo.

The Voice ilikuwa utekelezaji wa nadharia hiyo. Okolo, ambaye jina lake kwa Kiijaw maana yake ni sauti, anarudi kijijini Amatu kutoka masomoni akitafuta kitu asichokitaja jina, na utafutaji huo unamfarakanisha na Chifu Izongo na wazee wake. Kiijaw huweka kitenzi mwishoni mwa sentensi, na Kiingereza cha riwaya hii mara nyingi hufanya hivyo pia. Vivumishi hurudiwa. Maneno ya kifua, kivuli na ndani yamepewa uzito wa Kiijaw: nguvu na ujuzi wa mtu, hadhi yake, na moyo wake pamoja na nia yake. Msomaji analazimika kusoma polepole, na kule kuchelewa ni sehemu ya maana, kwani riwaya yenyewe inahusu mtu anayekataa majibu ya haraka.

Jambo ambalo halikupewa uzito wa kutosha katika uhakiki wa riwaya hii ni mgawanyo wa lugha baina ya wahusika. Abadi, mshauri wa Chifu aliyesoma ng'ambo na kurudi na shahada, anapohutubia baraza hutumia Kiingereza kilicho karibu zaidi na kile sanifu, kilichojaa istilahi za kisiasa, na anakitumia kutetea utiifu usiohoji. Kwa hiyo ndani ya The Voice usanifu umetengewa uongo, na ukiushi umetengewa dhamiri. Hapo ndipo nadharia ya tafsiri inapovuka mipaka yake na kuwa mbinu ya kifasihi.

Hata hivyo, njia ya Okara ina gharama. Wapo wahakiki walioona kwamba mpangilio wa maneno yake hukakamaa, na shutuma hiyo si ya kupuuzwa. Katika Kiijaw, kitenzi kikija mwishoni hakimshangazi msikilizaji. Katika Kiingereza humshangaza kila mara. Tafsiri sisisi huyahamisha maneno, lakini haiwezi kuuhamisha ukawaida wake. Salamu ya kila siku ikawa falsafa, na mwanakijiji wa kawaida akasikika kama mzee wa hekima wakati wote.

Chinua Achebe alichagua njia nyingine. Katika mhadhara alioutoa mwaka 1964, uliochapishwa Transition mwaka uliofuata, alikilinganisha kifungu kimoja cha riwaya yake Arrow of God na namna ambavyo kingeandikwa kwa Kiingereza kisicho na methali wala taswira za Kiigbo. Hakuna kosa la sarufi katika toleo lolote kati ya hayo mawili. Tofauti yote imo katika mantiki ya taswira. Achebe alisisitiza kwamba atakayeipanua mipaka ya Kiingereza afanye hivyo kwa umahiri, si kwa kutojua. Alimtaja Tutuola kuwa mfano wa kipekee, na akakubaliana na Gerald Moore kwamba amesimama mwishoni mwa kichochoro cha kuvutia, lakini kisichotokea upande wa pili.

Saro-Wiwa na Kiingereza Kilichooza

Mwaka 1985 ilidhihirika kwamba kichochoro hicho kinatokea. Ken Saro-Wiwa alichapisha Sozaboy na chini ya jina hilo akaandika kwamba hii ni riwaya iliyo katika Kiingereza kilichooza. Katika maelezo ya mwanzo alifafanua kwamba lugha hiyo ni mchanganyiko wa pijini ya Nigeria, Kiingereza kilichovunjika, na vipande vya hapa na pale vya Kiingereza kizuri. Aliisema kuwa ni lugha ya watu wenye elimu ndogo na fursa finyu, lugha isiyo na sheria na inayostawi kwa kukosa sheria.

Jina lenyewe ni tangazo. Wachapishaji wa Tutuola walimtolea msomaji ushahidi wa makosa kwa niaba ya mwandishi. Saro-Wiwa alijitangazia mwenyewe, kwa kutumia neno ambalo adui angelitumia, na kwa kutumia kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji. Mamlaka ya kuchora mpaka kati ya kosa na mtindo yalikuwa yamehamia mkononi mwa mwandishi. Hapakuwa na picha ya ukurasa uliosahihishwa. Badala yake palikuwa na faharasa ya maneno mwishoni mwa kitabu, na faharasa humwambia msomaji kwamba anayehitaji kufundishwa ni yeye.

Msimulizi ni Mene, kijana wa kijiji cha Dukana, mwanafunzi wa udereva, anayejiunga na jeshi katika vita vya Nigeria vya 1967 hadi 1970 bila kuelewa vinahusu nini. Soza ni askari, neno lililozaliwa kwa njia ileile iliyoleta soja, yaani mlinzi, katika mitaa ya Nairobi. Katika riwaya yote Kiingereza kikubwa ni lugha ya wenye uwezo: wanasiasa, makamanda, watu wa redio. Mene hukisikia, hukistaajabia, na hutumwa nacho kwenda kuua na kuuawa. Hakielewi, na kutoelewa huko ndiko kunakompeleka vitani. Kwa maneno mengine, katika Sozaboy sarufi ni suala la uhai. Riwaya hiyo isingaliweza kuandikwa kwa Kiingereza sanifu bila ya kumweka msomaji upande wa wale wanaomdanganya msimulizi.

Je, ni kweli kwamba lugha hiyo haina sheria? Dai la mwandishi mwenyewe halina budi kuchukuliwa kwa tahadhari. Mene hurudia maneno ili kutia mkazo, kama wafanyavyo wasemaji wa lugha nyingi za Kiafrika, lakini hurudia zaidi anapofurahi au anapoogopa kuliko anapoeleza. Vitenzi vyake hupuuza wakati uliopita pale tukio linapokuwa bado linamwandama. Kadiri vita vinavyoendelea maneno ya kujivuna hupungua na sentensi hubeba huzuni iliyo wazi zaidi. Mtu aitwaye Manmuswak, ambaye jina lake ni maelezo ya namna ya kuishi, yaani mtu hana budi kula, hutokea upande huu wa vita na upande ule, rafiki hapa na adui pale. Jina hilo lililovunjika lina falsafa nzima ya vita hivyo. Hayo yote ni utaratibu. Lugha ya Mene inakosa sheria za shule, lakini haikosi sheria za hadithi.

Tena, Saro-Wiwa hakuandika pijini tupu. Pijini ya Nigeria ina sarufi yake thabiti, na riwaya iliyoandikwa kwa pijini tupu ingewafungia nje wasomaji wengi. Lugha ya Mene haisemwi na mtu yeyote kwa ukamilifu wake, kama isivyosemwa na mtu yeyote lugha ya Tutuola. Pingamizi la mwaka 1954 limerudi likiwa limegeuka. Kile kilichokuwa dosari kwa tarishi wa Lagos kilipokewa kuwa ubunifu kwa msomi wa Ibadan aliyekuwa na shahada. Swali la haki haliepukiki: je, ni shahada iliyoubadilisha uamuzi, au ni matini?

Makerere na Nairobi

Mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza ulifanyika Makerere mnamo Juni 1962. Mwaka uliofuata Obi Wali, katika makala yaliyozusha mabishano makubwa ndani ya Transition, alidai kwamba fasihi ya Kiafrika iliyoandikwa kwa lugha za Ulaya inaelekea ukutani, na akaona ni jambo la kuashiria mengi kwamba Tutuola hakuwapo mkutanoni na vitabu vyake viliepukwa katika mijadala. Kwamba mtetezi wa lugha za Kiafrika alilalamikia kutengwa kwa mwandishi wa Kiingereza si ukinzani. Wali aliona kwamba aliyeachwa nje ndiye ambaye Kiingereza chake kilikuwa karibu zaidi na lugha ya mama.

Nairobi, Taban lo Liyong alilichukua suala hilo kwa ukali wake wa kawaida katika makala kuhusu Tutuola aliyoyaandika mwaka 1968 na kuyatia katika kitabu chake The Last Word (1969). Alimtetea Tutuola dhidi ya walinzi wa sarufi, na kichwa cha makala hayo kilimfanya mwandishi huyo wa Abeokuta kuwa mwana wa Zinjanthropus, yule mtu wa kale wa Olduvai. Ni mwaka uo huo, mnamo Oktoba, ambapo Taban, Ngũgĩ wa Thiong'o na Owuor Anyumba walitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe. Mambo haya mawili yana uhusiano. Idara inayoweka Kiingereza katikati haina budi kumsoma Tutuola kama mpotofu. Idara inayoweka simulizi za Kiafrika katikati humsoma kama msimulizi, na kumbe hadithi yake ya bwana mrembo anayeazima viungo vya mwili na kufuatwa na msichana mkaidi ni jamaa ya ngano za zimwi ambazo wanafunzi wa Kenya walizisikia kwa bibi zao.

Okot p'Bitek alikuwa amekwisha kuonyesha njia ya tatu katika Song of Lawino (1966), alipoyapitisha mafumbo ya Kiacholi katika Kiingereza rahisi bila ya kuyaeleza. Miaka mingi baadaye David Maillu alijaribu jambo la ujasiri zaidi katika Without Kiinua Mgongo (1989), kwa kuchanganya Kiingereza na Kiswahili ndani ya sentensi moja, jinsi wakazi wa miji ya Kenya wanavyosema.

Ngũgĩ alikuwa ameuliza swali kubwa zaidi katika Decolonising the Mind (1986), ambamo alimjadili Okara moja kwa moja. Kwa nini mwandishi wa Kiafrika ajitwike kazi ya kuitajirisha lugha ya mwingine kwa methali na mafumbo ya kwao, ilhali lugha iliyomzalia methali hizo inabaki maskini? Swali hilo haliwezi kukwepwa kwa kusifu mtindo. Jibu linalowezekana ni la kiasi: riwaya hizi tatu haziondoi haja ya kuandika kwa lugha za Kiafrika. Hata hivyo zinathibitisha jambo ambalo ni msingi wa hoja ya Ngũgĩ mwenyewe, kwamba lugha za Kiafrika zina mantiki kamili, kiasi kwamba zikibanwa ndani ya lugha nyingine huivunja ili zipate kupita.

Hitimisho

Kutokana na historia hii vigezo vitatu vinajitokeza. Cha kwanza ni uthabiti: ukiushi unaofuata mkondo ndani ya matini ni mtindo, na ule unaotokea mara moja bila ya jamaa huenda ni kuteleza tu. Cha pili ni ulazima: ukiushi ni sahihi pale ambapo sentensi sanifu ingepoteza maana, kama wafu wa Tutuola wangalivyopoteza hesabu yao. Cha tatu ni mgawanyo: katika kazi bora lugha isiyo sanifu haimwagwi kila mahali kwa kiasi kimoja, bali hupewa wahusika fulani kwa sababu fulani, na usanifu wenyewe huwa mhusika anayeshtakiwa.

Nia ya mwandishi haimo miongoni mwa vigezo hivyo. Achebe alitaka umahiri utangulie, na kwa mwandishi chipukizi ushauri huo bado una busara. Lakini kwa mhakiki nia ni ushahidi dhaifu. Ni Achebe mwenyewe aliyerudi kwa Tutuola mwaka 1977, katika mhadhara alioutoa Ibadan, na kuonyesha kwamba safari ya mnywaji wa tembo ni mafunzo mazito kuhusu kazi na starehe. Aliyesemekana kuwa hajui atendalo alikuwa ameandika kitabu chenye maadili yaliyopangwa kwa makini. Tutuola alifariki mwaka 1997. Saro-Wiwa alikuwa amenyongwa Port Harcourt tarehe 10 Novemba 1995, baada ya kuwatetea Waogoni, watu wake, kwa Kiingereza sanifu kabisa.

Suala hili haliwahusu Wanigeria peke yao. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ilichukua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na ikawa na kauli juu ya miswada iliyostahili kuchapishwa. Kimvita, Kiamu na lahaja nyingine zenye ushairi wa karne nyingi zilianza kusomwa kana kwamba ni upotofu kutoka kwa kanuni iliyozaliwa baada yao. Abdilatif Abdalla alipoichapisha Sauti ya Dhiki mwaka 1973, mashairi aliyoyatunga gerezani kwa Kimvita, hakuna mhariri aliyeyanyoosha yafanane na Kiunguja, na fasihi ya Kiswahili ilinufaika. Leo Sheng inabisha hodi katika mlango uleule. Mhakiki atakayeufungua au kuufunga hana budi kwanza kusoma, kisha kuuliza ni maana gani itakayopotea kalamu nyekundu ikishapita.